Usifungue Mlango

Kinyozi alikuwa mtu mnene, na hilo aliambiwa kila siku na wateja wake, hata wale waliokuwa wamelaza shingo kwenye kiti huku wembe ukiwapita kooni na bado wakathubutu kutania. Hakuwahi kuudhika. Alilipiga tumbo lake kofi la mapenzi na kusema kwamba huo ni utajiri ambao benki haiwezi kuukata ada. Lakini Jumapili ile mchana, akiwa nyuma ya usukani wa gari lake mwenyewe, mikono juu ya mapaja, bila kuthubutu hata kujikuna, unene wake ulimtisha kwa mara ya kwanza. Chini ya gari, upande uleule aliokalia yeye, alikuwa amelala shemeji yake, na gari lilikuwa limemshukia kifuani.

Tuanze na gari lenyewe, maana balaa lote lilitoka hapo. Lilikuwa gari la kifahari la enzi hizo, la kijani kilichokolea mpaka kukaribia weusi, viti vya ngozi, na dashibodi ya mbao inayong'aa kama meza ya waziri. Kinyozi alilipata kwa meneja mmoja mstaafu aliyechoka kulihudumia. Alilipenda kupita kiasi, hata mkewe alisema kwamba angependa na yeye asuguliwe hivyo kila Jumamosi. Kasoro ilikuwa moja tu. Lilisimama juu. Vijana waliokuwa wakiegesha magari yao mbele ya saluni, magari yaliyolala chini mpaka yanabusu lami, walikuwa wakimwambia, "Mzee, bibi yako mzuri, ila mvue viatu virefu." Yeye alicheka nao, kisha akarudi ndani na kumnyoa mteja kwa hasira.

Kulishusha gari kama lile kwa vifaa vya dukani kungemfilisi. Ndipo alipoingia shemeji yake. Alikuwa fundi friji, mdogo wa mkewe, tena mdogo wa mwisho. Mama yao alipofariki yule mtoto alikuwa bado wa kubebwa mgongoni, na aliyembeba alikuwa dada yake, ambaye naye wakati huo alikuwa bado anacheza na wanasesere. Kwa hiyo mke wa kinyozi hakumwita ndugu yake jina lolote ila "mtoto wangu," ijapokuwa mtoto mwenyewe alikuwa na ndevu na kifua cha mbeba magunia.

"Shemeji, gari hili halina springi," fundi friji alimwambia siku alipoinama kulitazama. "Limekalia mifuko ya upepo. Kila gurudumu lina mfuko wake. Na hapa, unaona kifimbo hiki? Hiki ndicho kinachoiambia kompyuta gari limesimama juu kiasi gani. Tukikifupisha, kompyuta itadhani gari liko juu mno, na itatoa upepo yenyewe mpaka lishuke. Hatununui kitu."

"Tutakifupisha kwa kutumia nini?"

"Spoki za baiskeli. Nazikata fupi, natia nati huku na huku, naziweka badala yake, kwisha kazi."

Kinyozi alimkumbatia. Kwa hesabu zake, shemeji kama huyo alistahili kupewa mke wa pili kwa gharama ya ukoo.

Basi Jumapili ile waliwapeleka watoto kwa shangazi yao, wakalipandisha gari juu ya vipande vinene vya mbao vilivyoombwa kwa seremala wa jirani, kila tairi na kipande chake, ili fundi apate nafasi ya kuingia chini. Kazi ilikuwa na udhia wake. Urefu wa gari haukuweza kupimwa likiwa kwenye jeki. Lilitakiwa lisimame kwa miguu yake, mtu mzito akiwa ndani, swichi ikiwa imewashwa. Kwa hiyo kila walipotaka kukaza au kulegeza nati, walilazimika kupiga jeki, kusukuma magogo chini ya bodi ili lisimwangukie fundi, kukaza, kutoa magogo, kushusha jeki, kuwasha, kupima, kisha kuanza upya. Kwa magurudumu matatu walifanya hivyo bila kuruka hatua. Tena walifurahi, kwa sababu kila mlango ulipofunguliwa kompyuta iliamka, ikajipima, ikatoa pumzi, fsss, na gari likashuka kidogo. "Linakupigia magoti, shemeji," fundi friji alisema, na wote wawili wakacheka mpaka machozi.

Gurudumu la nne, la nyuma kulia, liliwakuta wamechoka na wana njaa. Magogo walikwisha kuyatoa. Jeki ilikuwa imewekwa ukutani. Fundi friji akachungulia, akasonya.

"Nati ya mwisho haijakaa sawa. Nazungusha tu, dakika moja. Zima swichi, na usiguse kitu."

"Tusipige jeki?"

"Kwa nati moja?"

Akaingia chini kwa mgongo, spana mkononi, miguu ikabaki nje. Kinyozi, aliyekuwa tayari nyuma ya usukani, akazima swichi, akakaa. Jua lilikuwa limepiga paa la gari tangu asubuhi na vioo vyote vilikuwa juu. Jasho lilimtoka, likamwingia machoni, likamteremka mgongoni mpaka shati likagandamana na ngozi ya kiti. Alivumilia. Kisha akasema moyoni kwamba kioo si kitu. Aliambiwa asiguse kitu, ila kioo si kitu. Akawasha swichi, akabonyeza kitufe, kioo cha upande wake kikashuka kiasi cha kupitisha mkono.

Fsss.

Haikuwa pumzi fupi ya kupiga magoti. Ilikuwa ndefu, na gari likakaa chini upande wa nyuma kama mtu mnene anavyojitupa kwenye kochi. Kinyozi akazima swichi. Chini yake kulitoka sauti ambayo hakuwahi kuisikia kwa binadamu, kama mtu aliyekatizwa katikati ya neno.

"Shemeji!" akaita.

Sauti ikaja polepole, "Usi... usifungue mlango."

Mkono wa kinyozi ulikuwa tayari kwenye kitasa. Aliuondoa kama aliyeshika pasi ya moto. Alikumbuka magoti yote yale waliyokuwa wakichekelea. Mlango mmoja tu ukifunguka, kompyuta itaamka, itasoma ule uongo wa spoki, na itaona gari bado liko juu. Akifungua buti, ni hivyohivyo. Akiwasha injini ili pampu ijaze upepo, haitajaza, itatoa. Walilidanganya gari, na sasa gari lilikuwa limeamini.

"Unapumua?"

"Kidogo. Kifua kimebanwa." Kila neno lilikuja na pumzi yake. "Shemeji, sikiliza. Betri iko chini ya siti ya nyuma. Kulia. Itoe. Valvu zikikosa umeme zinajifunga. Halafu utoke."

Siti ya nyuma, kulia. Kinyozi akageuza shingo akaitazama. Ilikuwa juu ya kifua cha shemeji yake, hakuna pungufu. Ili aifikie ilimbidi apenye katikati ya viti vya mbele, apeleke kule nyuma tumbo lake lote, mapaja yake yote, na mabega yake. Aliliona gari likishuka kwa uzito wake. Alizisikia mbavu moja moja zikivunjika, ingawa hapakuwa na kilichovunjika.

"Nikija nyuma nitakumaliza," alisema.

"Njoo. Pitia kushoto."

"Ngoja kwanza. Ngoja nifikiri."

Hakufikiri chochote. Ndiyo aibu yenyewe. Alibaki akitazama nembo iliyokuwa katikati ya usukani. Aliitwa tena, "Shemeji, njoo," na akasikia, na akakaa. Alijiambia kwamba akikaa tuli, gari nalo litakaa tuli. Alijiambia kwamba mtu atapita. Alijiambia kila kitu isipokuwa ukweli, nao ni kwamba alikuwa radhi shemeji yake afe kwa uzito wa gari, lakini si kwa uzito wake yeye. Aliitwa mara nyingine, sauti ikiwa ndogo zaidi. Alifumba macho.

Alipoyafumbua, mkewe alikuwa anakuja kutoka jikoni, kitambaa begani, midomo imejaa maneno.

"Nyinyi watu, chakula kinapoa, nimeita mpaka koo limekauka! Hilo gari si mngelihamishia kitandani kabisa?" Akanyoosha mkono kwenye kitasa cha mlango.

"Usiguse!" Kinyozi alipiga ukelele ambao hata yeye hakujua anao. "Usifungue mlango! Mama watoto, nakuomba, rudi nyuma!"

Mwanamke aliruka. Mwanzoni alitaka kugomba. Kisha akaona viatu vya ndugu yake vikitokeza chini ya gari, vidole vikielekea juu, na akaona jinsi gari lilivyolala upande ule. Hakupiga yowe. Alipiga magoti kwenye saruji, akalaza shavu chini, akachungulia.

"Mtoto wangu."

"Dada." Sauti ilitoka kwenye giza. "Usiguse mlango."

"Siugusi. Niambie nifanye nini."

"Jeki."

Alikimbia ukutani akaileta. Akaijaribu huku, akaijaribu kule, akalala kifudifudi akaisukuma kwa viganja viwili. Haikuingia. Jeki ilikuwa ndefu kuliko nafasi iliyobaki. Gari lilikuwa limeshuka vile kinyozi alivyokuwa akiliota kila usiku, hata kidole hakipiti kati ya tairi na bodi, na kifaa pekee cha kulinyanyua kilibaki nje kikiwa hakina kazi. Aliitupa, ikapiga saruji. Akasimama na kumtazama mumewe kupitia ule mwanya wa kioo. Macho yalikuwa yamemtoka pima.

"Na wewe umekaa humo unafanya nini?"

"Anataka nitoe betri. Iko nyuma. Iko juu yake. Mimi ni mzito, mama watoto, nitamuua."

"Unaitoa kwa kifaa gani?"

"Spana namba kumi."

"Iko wapi?"

"Anayo yeye."

Mwanamke akarudi chini. Akauingiza mkono mpaka begani, akipapasa, akikwaruza shavu lake kwenye ukingo wa bodi. Kinyozi alisikia akisema, "Nipe. Achia vidole. Nipe, baba, nitarudi kukushika." Ilichukua muda. Ilionekana aliye chini hakuwa tayari kuachia ule mkono. Hatimaye spana ikapitishwa kwenye mwanya wa kioo, ikiwa na grisi na imelowa jasho.

"Nenda," mkewe alisema.

"Mwite kwanza. Muulize kama bado yuko sawa."

Aliita. Hakujibiwa. Akaita tena kwa sauti ya kumwamsha mtoto asichelewe shule, na safari hii pia hakujibiwa.

Kimya kile ndicho kilichomnyanyua kinyozi. Hakupiga moyo konde, moyo wenyewe hakuwa nao. Alikwenda kwa sababu alishindwa kukaa. Akajivuta kwanza kwenda kiti cha kushoto, tako moja, kisha la pili, na gari likanung'unika kidogo, likanyamaza. Akaingiza kichwa katikati ya viti. Mabega yakapita. Tumbo likakwama. Alitoa pumzi yote aliyokuwa nayo, akasukuma kwa visigino, vifungo vya shati vikaruka kimoja baada ya kingine, na akaporomoka kwenye sakafu ya nyuma, upande wa kushoto, akijizuia kwa viwiko kama mtu anayeingia kwenye kitanda cha mgonjwa.

Gari lilishuka. Lilishuka kidogo sana, upana wa kucha, lakini alilihisi tumboni. Na kutoka chini, karibu mno, pembeni tu ya sikio lake, ng'ambo ya bati na zulia, akasikia mtu anaguna.

"Yu hai!" alipiga kelele, na akalia. Alilia huku akifanya kazi, makamasi yakimtiririka, mikono ikinyanyua mto wa siti kwa upole ambao wateja wake wangeutambua. Betri ilikuwa pale, nyeusi, imetulia. Spana ilimteleza ikagonga bati. Akaiokota. Ikashika nati. Nati ilikuwa na kutu. Kukaza misuli kulimaanisha kuegemea kulia, na hakuthubutu kuegemea kulia, kwa hiyo alivuta kwa kifundo cha mkono peke yake, kifundo kilichozoea wembe na kitana, mpaka kikawaka moto. Nati ikalia. Ikazunguka. Akaung'oa waya, akaushikilia hewani mbali na betri, kana kwamba unaweza kurudi wenyewe.

"Nimetoa!"

"Sasa fungua," mkewe alisema.

Mkono wa kinyozi ulikuwa kwenye kitasa cha mlango wa nyuma kushoto, nao haukutaka. Itakuwaje kama shemeji alikosea? Alijua friji, hakujua magari ya mameneja. Itakuwaje kama kompyuta ina akiba yake ya umeme mahali fulani?

"Fungua!" mkewe akapiga kelele.

Akafungua. Alisubiri ile fsss kwa mwili mzima, kwa meno, kwa nyayo. Haikuja. Akajiviringisha nje, akaanguka juu ya saruji, na gari lilipopoteza uzito wake likainuka kwa kiasi kidogo ambacho mtu asiyeogopa asingekiona.

Zile kelele zilikuwa zimemfikia seremala wa jirani. Hakuuliza maswali. Alitupia jicho viatu, akarudi mbio kwake, akaja na mhimili wa paa begani na watu kadhaa nyuma yake. Wakauingiza mhimili chini ya bodi, wakaweka gogo la kuegemezea, na wote wakaning'inia kwenye ncha yake ya pili, kinyozi akiwa wa kwanza. Mara hii unene wake ulifaa kitu. Gari likanyanyuka. Mkewe akamshika ndugu yake miguu yote miwili, akamvuta peke yake, akikataa kusaidiwa, mpaka uso ukatoka kwenye mwanga. Ulikuwa wa rangi ya majivu. Midomo ilifunguka, ikafumba, ikafunguka, kisha kifua kikavuta hewa kwa mlio mrefu mbaya, na mwanamke akakaa chini palepale na kichwa chake mapajani, akimpangusa grisi kwa kitambaa cha jikoni.

Hospitalini walimpiga picha. Daktari alisema mbavu zimevunjika lakini mapafu hayakuguswa, na kwamba kama mgonjwa angecheleweshwa kidogo zaidi, sasa wangekuwa wanazungumzia maziko. Kinyozi alisimama mlangoni mwa wodi, shati halina vifungo, mbele wazi, kila muuguzi aliyepita akimtazama mara mbili. Mkewe alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda.

"Niambie ukweli," alimwambia ndugu yake. "Nilipotoka jikoni nilimkuta amekaa. Nimekuwa nikijiuliza njia nzima. Ulikuwa umemwambia kuhusu betri, au bado?"

Fundi friji alimtazama dada yake, kisha akamtazama shemeji yake pale mlangoni. Alivuta pumzi fupi, ndiyo pekee aliyoiweza.

"Bado, dada. Nilikuwa sijapata sauti. Nilipomwambia tu, akaja. Bila yeye ungekuwa unanizika."

Mkewe alifunika uso kwa viganja. Mabega yakamtikisika. Kisha akanyanyuka, akaja mpaka mlangoni, akaushika mkono wa mumewe kwa mikono yake yote miwili na kuubana kwa nguvu ambazo hakuwa amezitumia tangu kumzaa mtoto wao wa mwisho.

"Nisamehe," alisema. "Nilikuwa nimeanza kukuchukia. Hujui ulichonirudishia leo."

Juu ya kichwa cha mkewe kinyozi alimwona shemeji yake amefumba macho, kama fundi aliyekwisha kufunga kifuniko na kuosha mikono. Hofu ikampanda upya, na hii ilikuwa mbaya kuliko ya kwenye gari, kwa kuwa hapa hakuna aliyembana, na mlango ulikuwa wazi. Angeweza kunyamaza tu. Angeulizwa na nani?

"Alikuwa amekwisha kuniambia," alisema.

"Nini?"

"Aliniita. Aliniambia nije nyuma nitoe betri, akaniita tena na tena, na mimi nilikuwa namsikia. Niliogopa, mama watoto. Nilikaa mpaka ulipokuja wewe."

"Shemeji," fundi friji alisema kitandani bila kufumbua macho, "wewe nawe."

Mkewe hakuuvuta mkono wake. Lakini vile vidole vilivyokuwa vimembana vilianza kulegea, kimoja kimoja, mpaka vikawa vimelala tu juu ya kiganja chake, na kinyozi akasimama vilevile alivyokuwa, pumzi ameizuia, asithubutu kusogea hata kidogo.